Hapana Kumi na Moja

Ninachotaka kuwasimulia hakuna hata mmoja wenu atakayekiamini, na wala sitawabembeleza. Nimeshazoea. Niliposema kwamba niliwahi kubeba kabati la chuma peke yangu mpaka ghorofa ya tatu watu walishika mbavu kwa kucheka, na kabati lenyewe liko huko huko mpaka leo. Basi chekeni. Lakini jueni kwamba yuko mwanamke, mpwa wangu wa damu, mtoto wa dada yangu, ambaye serikali ilitaka kumpa kitu naye akaijibu "hapana" mara kumi na moja, kwa maandishi na kwa mhuri, bila mwenyewe kujua. Na serikali ikamsikia vizuri kabisa mara zote kumi na moja! Serikali hii hii ambayo mimi nikiiandikia barua ya kuomba taa ya mtaani inakuwa kiziwi.

Kazini wanamwita Kidole, kwa sababu hasomi kitu bila kidole cha shahada kutembea chini ya mstari. Barua, ankara, hata ujumbe wa simu: kidole kinatangulia, macho yanafuata. Alianza hivyo tangu darasa la pili. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Yeye anasema ni mama yake, lakini hadithi hii naiandika mimi.

Ana miaka thelathini na minane. Alisoma uhasibu mwaka mmoja na nusu, mama yake akaugua miguu, akaacha shule na kuja kuomba kazi kwenye kiwanda cha brashi. Kiwanda ni neno kubwa. Ni banda refu la mabati lenye mabenchi mawili. Benchi la kwanza wanaume wanakata mbao na kuzitoboa. Benchi la pili wamekaa wanawake sita wanaopandikiza nyuzi ndani ya matundu, matundu sitini na manne kila brashi, na vidole vyao vinakimbia huku midomo inamsengenya yeyote aliyetoka kwenda chooni. Ofisi iko juu ya ghala la gundi. Unapanda ngazi kumi na tatu za mbao, ya tisa inalia, unakuta meza mbili, kompyuta moja, na kabati la faili ambalo droo yake ya chini haifungi mpaka uipige teke. Harufu ya gundi imemwingia Kidole mpaka kwenye mkoba. Akirudi nyumbani tunajua amefika kabla hajabisha hodi.

Miaka tisa alipokea simu, akapika chai, akaandika mishahara. Halafu Bosi, mwenye kiwanda, akapata mnunuzi nje ya nchi, na siku moja akamsogezea kiti mbele ya kompyuta.

"Kuanzia leo wewe ndiye karani wa kusafirisha."

"Bosi, mimi sijui kusafirisha hata barua."

"Wakala atakuonyesha. Ukishajua moja, zote zinafanana."

Neno hilo likumbukeni. Kwa neno hilo ndiyo tukaumia.

Wakala wa forodha akaja, kijana mrefu mwenye mkoba wa ngozi ya bandia, akakaa naye asubuhi nzima, wakajaza tamko la kwanza, ile fomu ya kuieleza forodha mzigo unaotoka. Mzigo wenyewe ulikuwa kichekesho: brashi sita, za kumwonyesha mnunuzi tu. Wakafika kisanduku cha thelathini na nne, kinachouliza kama msafirishaji anakusudia kudai marejesho. Niwaeleze, maana najua wengine mmeishia darasa nililoishia mimi. Serikali inasema hivi: ukiuza mali nje ya mipaka, sehemu ya kodi uliyolipia mbao, gundi na rangi tutakurudishia, ili upate nguvu ya kuuza tena. Weka alama kwenye Ndiyo, au kwenye Hapana.

"Hizi ni sampuli," Wakala akasema. "Hujauza kitu. Weka Hapana."

Kidole akaweka Hapana. Na alikuwa sahihi.

Miezi miwili baadaye ukaja mzigo wa kweli, katoni mia moja na themanini. Sasa, kwenye ofisi zile hakuna mtu anayeanza fomu tupu. Nani ana muda? Unafungua ya mwisho, unabadilisha tarehe, uzito, idadi, jina la meli, unamtumia wakala, naye anaituma mbele. Ndivyo wanavyofanya wote, na ndivyo alivyofanya Kidole. Alikuwa na orodha yake ya vitu vya kubadilisha, ameibandika ukutani kwa gundi ya kiwanda: tarehe, uzito, idadi, meli, ankara. Vitu vitano. Kila mzigo kidole chake kilipita kwenye vile vitano kama askari wa doria. Kisanduku cha thelathini na nne hakikuwa kwenye orodha. Mizigo kumi na moja ikaondoka hivyo.

Bosi alikuwa ameshayatia marejesho hayo kwenye hesabu zake kabla hayajaonekana. Alisimama katikati ya banda siku moja, amepanda juu ya kreti, akatangaza kwamba benchi la pili, lililokuwa linafanya kazi nusu wiki, litabaki, na litafanya kazi wiki nzima. "Nangoja tu karatasi moja ya serikali," akasema. Wanawake sita wakapiga vigelegele mpaka vumbi la mbao likashuka kutoka kwenye mabati.

Karatasi ikaja. Bosi akaisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Hatumo kwenye orodha," akasema. "Wanasema sisi wenyewe tumekataa. Kila tamko linasema hatutaki. Nani kasema hatutaki? Mimi nina sura ya mtu asiyetaka?"

Hapo hapo akampigia simu Wakala, akamrushia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu dada yangu husoma vitu vyangu. Bosi alipotoka nje kwenda kumalizia kufoka kwenye hewa safi, Kidole aliipiga teke droo ya chini, akatoa mafaili kumi na moja, akayapanga sakafuni. Kidole kikashuka: thelathini na mbili, thelathini na tatu, thelathini na nne. Hapana. Faili la pili, Hapana. La tano, Hapana. Alipofika la kumi na moja hakuhitaji kuangalia, lakini aliangalia.

Jioni ile alirudi nyumbani, akampaka mama yake dawa ya miguu, akala vijiko vitatu akasukuma sahani. Nikamuuliza, "Mpwa wangu, kuna mwanamume amekuvunja moyo? Nitajie jina tu." Akasema, "Mjomba, nimefanya kosa na anayetukanwa ni mtu mwingine."

Asubuhi Wakala alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya meza ya Bosi kama mwanafunzi mtoro, jasho limeloanisha kola.

"Mimi natuma ninacholetewa," alikuwa anasema. "Bosi, naapa, natuma ninacholetewa."

"Kuanzia leo utaletewa na watu wengine! Beba mkoba wako."

"Bosi," Kidole akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile Hapana. Nilifungua tamko la sampuli nikawa nalitumia hilo hilo. Yeye hakugusa kitu."

Ngazi ya tisa ingelia wakati ule wote wangeruka. Miaka kumi na miwili ilikuwa inatimia mwanamke huyu hajawahi kukosea hata mshahara wa mlinzi.

"Dirisha la kurekebisha linafungwa mwisho wa mwezi," Wakala akasema polepole, kama mtu anayerudishiwa pumzi yake kwa mkopo. "Siku tisa. Mnaandika barua ya maelezo, mnaambatanisha ankara na hati za shehena, mnapeleka forodha. Afisa akikubali, anabadilisha."

"Andika ni kompyuta," Bosi akasema.

"Lakini Bosi, si kompyuta."

"Kidole. Andika ni kompyuta."

Akaandika ni kompyuta. Hitilafu ya mfumo, aliandika. Bosi akatia saini.

Afisa wa marekebisho ana chumba mwisho wa korido, na nje ya mlango wake kuna benchi refu lililong'aa kwa makalio ya watu wanaosubiri. Ni mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, leso mkononi, miwani kwenye paji la uso. Aliisoma barua ya Kidole mistari miwili tu, akainua bunda la karatasi lililokuwa pembeni na kuliachia lidondoke mezani. Puh!

"Unajua hizi ni nini, binti yangu? Ni barua za kompyuta. Hii kompyuta, hii pia kompyuta. Hii wamesema ni radi." Akapangusa pua. "Mimi kompyuta yangu haijawahi kujichagulia Hapana. Yako je?"

Kidole akaangalia viatu vyake.

"Sikiliza. Sheria inaniruhusu kurekebisha kosa. Hainiruhusu kurekebisha nia. Mtu akisema leo hataki, kesho akasikia jirani yake amepata, akaja mbio kusema nilikosea, huyo hakukosea, huyo amebadilisha mawazo. Niletee kitu kinachoonyesha kwamba siku ile ulipoweka alama, hukukusudia. Kitu cha siku ile. Siyo barua ya jana."

Alirudi kiwandani na siku zimebaki sita. Kwenye ngazi akakutana na Mama Pacha, mwanamke wa benchi la pili ambaye mikono yake ina kasi kuliko wote. Alikuwa anateremka na ndoo ya nyuzi.

"Kidole wetu, wewe uko huko juu kwenye habari. Nauliza tu. Watoto wanafungua shule, nguo zimewabana, wamekuwa kama magunia yaliyofungwa katikati. Ninunue kitambaa au nisinunue?"

"Ngoja kidogo, Mama Pacha."

"Kidogo ya leo au ya wiki ijayo?"

"Ngoja tu."

Mama Pacha aliangalia uso wake, akaacha utani. "Haya, mwanangu. Nitangoja," akasema, akashuka. Kidole aliniambia baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Akafunga mlango wa ofisi, akayatandaza tena mafaili kumi na moja sakafuni, akapiga magoti. Safari hii hakwenda moja kwa moja kwenye thelathini na nne. Alianza juu kabisa, kisanduku cha kwanza, kana kwamba fomu ile hajawahi kuiona. Kidole kikashuka, kikapita thelathini na nne, kikaendelea mpaka chini kabisa, kwenye mstari mdogo wa maelezo ya ziada ambao hakuna mtu chini ya jua anayeusoma. Hapo kikasimama.

"Brashi sita, sampuli, haziuzwi."

Na faili hilo lilikuwa la mzigo wa kwanza wa kweli. Katoni mia moja na themanini, na chini yake: brashi sita, sampuli, haziuzwi. Akachukua la pili, katoni mia mbili na kumi: brashi sita, sampuli, haziuzwi. Mizigo yote kumi na moja! Alikuwa amesafirisha brashi zinazotosha kusugua dunia nzima, na kila mara akaiambia forodha kwamba ni sita na za bure.

Alianza kucheka, kisha akaziba mdomo. Maana kosa la kwanza lilikuwa la kujinyima. Hili la pili lilikuwa na harufu nyingine. Mtu anayepeleka katoni mia mbili na kuandika sita anaweza kuitwa mwongo, na mwongo wa forodha hapewi marejesho, anapewa faini, pengine anapewa na askari wa kumsindikiza.

Alimwonyesha Bosi. Bosi akashika kichwa.

"Funika hilo! Una wazimu? Tumekwenda kuomba, sasa tunakwenda kujishtaki?"

"Bosi, amesema nimpelekee kitu cha siku ile."

"Kitu kizuri cha siku ile!"

"Hiki ndicho kilichopo. Hebu fikiria. Mtu mwenye akili zake, anayekusudia anachoandika, anaweza kuandika brashi sita chini ya katoni mia na themanini? Mara kumi na moja? Huyo hakuchagua kitu. Huyo hakuangalia hata kidogo. Na kama hakuangalia chini, basi na pale katikati hakuangalia."

"Kwa hiyo utetezi wetu ni kwamba hatuangalii."

"Ni kwamba mimi siangalii, Bosi."

Bosi alizunguka meza mara mbili. Nitamtendea haki: si mtu mbaya, ni mtu mwoga mwenye sauti kubwa. "Barua hiyo utatia saini wewe," akasema mwishowe. "Wakisema ni udanganyifu, ni jina lako, siyo la kiwanda. Na kazi hapa itakuwa imekwisha, Kidole. Nisingependa, lakini itakuwa imekwisha."

Akaandika barua mpya, ukurasa mmoja. Aliandika jinsi alivyofungua tamko la sampuli, akataja vitu vitano vya kwenye orodha yake, akabandua orodha yenyewe ukutani pamoja na rangi ya ukuta, akaiambatanisha. Akaandika habari za mstari wa chini bila kuuficha. Akatia saini jina lake lote, lile ambalo hata mimi huwa nalisahau.

Siku ya kwenda zilikuwa zimebaki siku mbili, na mafaili yalikuwa mazito, kwa hiyo akaomba msaada wa mtu mwenye nguvu na busara. Mimi. Nilivaa koti. Dada yangu akaniuliza, "Unakwenda kuoa?" Sikumjibu.

Afisa alisoma mistari miwili kama kawaida yake, mkono ukiwa tayari kwenye bunda la barua za kompyuta. Halafu mkono ukarudi. Akateremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, jambo ambalo Kidole hakuwa ameliona mara ya kwanza. Akafungua faili la kwanza, akaangalia chini. Akafungua la pili. Akavuta kamasi.

"Brashi sita," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Katoni mia mbili na kumi, brashi sita."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii ilipita hapa? Nani aliyeipitisha?" Akaleta karatasi karibu na uso. "Hii saini ni ya nani?"

Kidole aliona wazi kwamba angeweza kusema hajui.

"Ni ya kwako, Mzee."

Afisa akaangalia saini. Akafungua faili jingine, na jingine. Kati ya kumi na moja, saba zilikuwa za kwake. Alikaa amezishika, na masikio yake, Kidole anasema, yaligeuka rangi.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasoma," akasema hatimaye. "Si wewe huko, wala mimi huku."

Kidole hakujibu. Wapo watu wanaojua wakati wa kunyamaza, na hilo amelipata kwa mama yake, si kwangu.

"Kwa huu mstari wa chini kuna faini. Ndogo, lakini ipo, siwezi kuifuta. Kwa kisanduku chako..." Alivuta kidau cha wino, akafungua kifuniko cha mhuri. "Nia ya kukataa siioni hapa. Hapa sioni nia ya kitu chochote."

Akagonga. Kidole alizihesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.

Kesho yake alisimama kwenye ngazi ya tisa, ikalia, benchi zima likageuka.

"Mama Pacha," akaita kutoka juu. "Nunua kitambaa."

Sitawaeleza kelele zilizopigwa. Bosi alilipa faini huku ananung'unika, akamwambia Wakala kwamba hakuwahi kumshuku hata siku moja. Na Kidole sasa kila mzigo anaanza fomu tupu, kutoka kisanduku cha kwanza mpaka mstari wa mwisho, saa nzima na robo. Bosi anachungulia mlangoni na kusema zote zinafanana, na Kidole anamjibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana."

Lakini nimeruka jambo moja, na ndilo kubwa kuliko yote. Mhuri wa kumi na moja ulipokauka, yule Afisa alisimama wima. Akazunguka meza, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimesimama na koti langu, machozi yanamchuruzika mashavuni, akanishika mikono yote miwili akasema, "Mzee mwenzangu, katika miaka thelathini na mitano ya utumishi wangu, watu waliokuja mbele yangu ni maelfu, lakini mpwa aliyelelewa na mjomba wa aina yako, naapa, na kama wizara ingekuwa na akili ingekupa wewe ile ofisi ya...

Kidole kimetua hapa. Sikumsikia akiingia, nilichosikia ni harufu ya gundi. Kimetembea chini ya mistari yangu polepole, kimefika kwenye neno "machozi", na hakiondoki.

"Mjomba, yule alikuwa na mafua."

Nimemwambia machozi ya mafua na ya furaha yanatoka tundu moja.

"Na wewe hukuwemo chumbani. Ulikuwa nje, kwenye benchi, umelala, mdomo wazi, koti umelifanya mto. Nilikuamsha mara mbili."

Sikulala. Nilifumba macho ili masikio yafanye kazi vizuri, na lile benchi, kama kuna mtu anataka kwenda kulipima na alipime, liko karibu sana na mlango, kiasi kwamba mtu mwenye masikio ya kawaida tu, sembuse mimi, angeweza kabisa kuona...